Ng'ombe wa Nani wa Kujifunzia?

Kabla hajamgusa ng'ombe aliye hai, anayejifunza uhimilishaji huanzia machinjioni. Huletewa ndoo ya vizazi vya ng'ombe waliochinjwa asubuhi hiyo, akavipanga mezani, akafumba macho na kuanza kupapasa. Huu ni mlango wa kizazi: mgumu, una pete ndani, unashikika kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Mbele yake kuna kizazi chenyewe, kifupi kuliko wengi wanavyodhani, kisha pembe mbili zilizojikunja, kila moja na ovari yake. Anapitisha kifaa cha chuma ambacho wenye kazi hukiita bunduki, pete baada ya pete, mpaka anadhani amefika. Akifumbua macho anaona alipofika kweli.

Siku ya pili hakuna cha kufumbua. Ng'ombe amesimama kwenye kibanio, mkia umefungwa pembeni, na mwanafunzi amekata kucha, amevua saa na pete, amevaa glavu ya plastiki inayofika begani. Mkono wa kushoto unaingia kwenye njia ya haja kubwa, unakomba kinyesi, kisha vidole vinautafuta mlango wa kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Ng'ombe anakaza. Dakika chache tu, mkono umekufa ganzi na vidole havijui tena vimeshika nini. Mkono wa kulia nao una bunduki yenye mrija wa mbegu zilizoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 37, na mbegu hizo hazisubiri mtu. Anayeanza huisukuma bunduki mbele. Aliyeiva huituliza bunduki, akauvuta mlango wa kizazi uje juu yake. Tofauti hiyo imeelezwa vizuri tu katika miongozo ya uhimilishaji, na hakuna mwongozo uliowahi kumtoa mhimilishaji.

Ndiyo maana ufundi huu, na karibu ufundi wote wa kazi ya ng'ombe, unarudi kwenye swali moja ambalo mitaala hulipita haraka: mwanafunzi ajifunzie ng'ombe wa nani? Ng'ombe mmoja hawezi kuvumilia mikono mingi kwa siku moja. Utumbo wake ukianza kutoa damu, mwalimu mwenye busara humwondoa hata kama foleni ya wanafunzi bado ni ndefu. Mwenye mimba changa akipapaswa vibaya anaweza kuitupa, na bunduki ikipitishwa kwenye kizazi ambacho tayari kina mimba, mimba hiyo inaweza kuharibika. Kwa hiyo darasa kubwa linahitaji ng'ombe wengi, wenye afya, wasio na mimba, na linahitaji mwenye ng'ombe aliye tayari kuona mali yake ikikosewa mbele ya macho yake. Mtu huyo ndiye mwalimu asiyelipwa wa vyuo vyote vya mifugo, na mara nyingi hata shukrani hapati.

Tanzania haina shida ya ng'ombe. Takwimu za wizara zinataja zaidi ya milioni 36, na barani Afrika nchi hii hutajwa mara baada ya Ethiopia. Vyuo navyo vipo. Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, iliyoundwa mwaka 2011, ina kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Temeke, Buhuri kule Tanga, Madaba mkoani Ruvuma, Mabuki mkoani Mwanza na Kikulula mkoani Kagera. Humo hutoka vijana wenye astashahada na stashahada za afya ya wanyama na uzalishaji, wale ambao kijijini tutawaita mabwana na mabibi mifugo. Usa River, karibu na Arusha, kipo kituo cha taifa cha uhimilishaji kinachozalisha mbegu za madume bora na kufundisha wahimilishaji. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine kwa wanaotaka kuwa madaktari kamili.

Kati ya sehemu zote hizo, Mpwapwa ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu pale ng'ombe wa kujifunzia alitengenezwa palepale. Wajerumani waliweka kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, Waingereza wakakiendeleza, na kwa miongo kadhaa watafiti walichanganya damu ya Sindi mwekundu na Sahiwal kutoka Asia na zebu wetu mfupi wa asili, wakaongeza Boran na tone la damu ya Ulaya. Walichokitafuta ni ng'ombe wa nchi kavu anayeweza kumpa mfugaji maziwa ya nyumbani na nyama ya sokoni bila kuanguka kiangazi kikikaza. Walimpata, wakampa jina la mji. Hajaenea kama ilivyotarajiwa, na hilo ni jambo la makala nyingine. Lakini mwanafunzi wa Mpwapwa anayemshika ng'ombe huyo anashika jibu la swali la nchi yake mwenyewe, wakati vitabu vingi anavyosomea vimeandikwa kwa ajili ya Friesian aliyelala zizini kwenye baridi.

Jirani yake, Kongwa, lipo somo la namna nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walifika na matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kupikia ya Uingereza baada ya vita. Ardhi ya Ugogo ikakauka ikawa ngumu kuliko majembe ya trekta, mvua zikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafutwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Ardhi iliyoshindwa kuzaa karanga ikawa ya malisho, na leo ranchi ya Kongwa, chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, ina hekta zipatazo 38,000. Wagogo walikuwa wakichunga ng'ombe eneo hilo kabla trekta la kwanza halijafika. Hakuna aliyewauliza.

Sasa turudi kwa ng'ombe wa tropiki na tabia zake, maana hapo ndipo kitabu na zizi vinapoachana. Kanuni ya uhimilishaji inayofundishwa kote ni rahisi: ng'ombe akionekana na joto asubuhi, ahimilishwe jioni; akionekana jioni, ahimilishwe kesho asubuhi. Kanuni nzuri, ila inadai mtu wa kuona. Zebu na Boran hushikwa na joto kwa saa chache kuliko ng'ombe wa Ulaya, mara nyingi usiku, na wengine hawapigi kelele wala kupandana kwa fujo. Asubuhi mhimilishaji anafika na mtungi wake wa naitrojeni yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, anakuta ng'ombe ametulia anacheua. Siku 21 zimepotea. Anayejua kilichotokea usiku ni kijana aliyelala karibu na boma, aliyesikia kwato zikizunguka saa tisa akamtambua ng'ombe kwa sauti. Chuo kinachotaka kufundisha uhimilishaji wa ng'ombe wetu hakina budi kuwalaza wanafunzi bomani angalau wiki kadhaa, na ninasema kuwalaza kwa maana halisi.

Ugonjwa unaofundisha mkono kuliko wote ni ndigana kali. Huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa sikio la ng'ombe. Kupe akishanyonya kwa siku tatu nne hivi, vimelea vilivyo katika mate yake huwa vimekomaa vya kutosha kuambukiza. Ndiyo sababu kuogesha kila wiki, au mara mbili kwa wiki penye kupe wengi, huokoa. Mwanafunzi hufundishwa kuweka vidole chini ya sikio na mbele ya bega, kutafuta tezi. Kwa ng'ombe mzima utazitafuta mpaka uchoke. Kwa ng'ombe wa ndigana zinajaza kiganja. Kipimajoto kikisoma nyuzi 41 wakati ng'ombe mwenye afya huwa kwenye 38 na nusu, na pumzi ikiwa fupi, muda wa kujadili haupo. Dawa ya buparvakuoni hufanya kazi ikiwahi, na ni ghali. Povu likishatoka puani, fedha hiyo inaweza kuzikwa pamoja na ng'ombe.

Kuna chanjo pia, na kuichoma ni mtihani mkubwa zaidi wa mkono niujuao katika fani hii. Ilibuniwa miaka ya 1970 huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika taasisi ya utafiti iliyokuwa ya nchi zetu tatu kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977. Ng'ombe hupewa vimelea hai wa ndigana chini ya ngozi, karibu na sikio, na papo hapo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini ya kudumu ili ugonjwa huo usimzidi nguvu. Anaugua kidogo bila kuonekana, anapona, na kinga hubaki naye maisha. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania waliipokea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakilipa kwa fedha zao, kwa sababu waliona ndama wakibaki hai.

Lakini angalia kazi ilivyo. Chanjo inakaa kwenye naitrojeni. Ikishayeyushwa na kuchanganywa ina saa chache tu, na mrija mmoja una dozi za ng'ombe makumi kadhaa, kwa hiyo ni lazima wawe wamekusanywa na kusubiri. Dawa ya kuzuia hupimwa kwa kilo za kila mnyama, na bomani hakuna mizani. Kuna utepe wa kuzungushia kifua ambao hukadiria uzito, na kuna jicho. Anayekadiria kilo 80 kwa ndama wa kilo 120 hampi dawa ya kutosha, na ndama huyo anaweza kufa kwa ugonjwa aliopewa na mchanjaji mwenyewe. Mzee wa boma amesimama hapo, fimbo mkononi, anaangalia. Kijijini kila mwenye sindano ni daktari, hata wa mwaka wa kwanza; mzee atamwita "daktari" kijana anayelingana na wajukuu zake, na kijana ataitikia "naam, mzee" huku utepe ukimcheza mikononi. Vyuo vingefanya vyema kumtaka kila mwanafunzi akadirie uzito wa ng'ombe kwa macho, kisha ampandishe kwenye mizani ya ranchi, tena na tena, mpaka jicho lake lisipotee kwa zaidi ya kilo chache. Ni zoezi lisilomuumiza ng'ombe wala kumtia hasara mwenye mali, na bado ni nadra kulisikia likisisitizwa.

Josho nalo lina elimu yake. Kwa mbali linaonekana handaki la maji machafu. Anayelisimamia lazima ajue ujazo wake kwa lita, maelfu kwa maelfu, ajue maji yamepungua kiasi gani tangu wiki iliyopita, na aongeze dawa kwa hesabu. Akikosea kwa kupunguza, kupe wanazoea dawa. Akizidisha, ng'ombe wanalewa sumu. Ng'ombe hunyweshwa kwanza ili wasije wakanywa maji ya josho kwa kiu. Hupumzishwa wakitoka mbali. Huogeshwa asubuhi ili wakauke na jua. Na wale wa kwanza kutumbukia hurudishwa mara ya pili, kwa sababu dawa huwa imezama chini na ni miguu yao iliyoikoroga. Wao wenyewe waliogea maji dhaifu. Utasoma jambo hilo mara moja ukalisahau, ila ukilisimamia mara moja hulisahau. Majosho mengi yalikufa miaka ya 1980 na 1990 ruzuku ilipoondolewa, na kizazi kizima cha maofisa mifugo kikahitimu bila kulisimamia josho linalofanya kazi. Serikali ilipoanzisha kampeni ya kitaifa ya kuogesha mwaka 2018 na kuanza kukarabati majosho, saruji ilipatikana upesi kuliko watu wenye mazoea ya kuchanganya dawa.

Hapa naomba niseme jambo ambalo walimu wa vyuo huenda wasilipende. Kujiunga na vyuo hivi kunataka ufaulu wa kidato cha nne, pamoja na masomo ya sayansi. Sipingi, asiyejua hesabu asikabidhiwe josho. Lakini chujio hilo humleta chuoni kijana wa mjini mwenye Kemia safi ambaye hajawahi kusimama karibu na fahali, na humwacha nje kijana wa Kisukuma, Kigogo au Kibarabaig aliyekaa na ng'ombe tangu akiwa na miaka sita. Huyu wa pili anajua kwamba ng'ombe haoni moja kwa moja nyuma yake, na kwamba ukimtokea huko atapiga teke. Anajua asimame nyuma kidogo ya bega ili kundi lisogee mbele, ajitenge nalo kidogo lipunguze mwendo, yote bila fimbo. Anamwangusha dume kwa kamba moja iliyozungushwa mwilini, akamlaza taratibu pasipo kumvunja mbavu. Chuoni mambo haya hufundishwa kwa muhula mzima na bado wengine hutoka wakiogopa. Shule za wafugaji zina walimu wachache na maabara tupu. Ukiweka sharti la maabara, umekwisha kuamua nani hataingia. Sioni kwa nini kusiwe na mlango wa pili: kijana apimwe kwanza kazini, kwenye kibanio, na Kemia yake ijazwe baadaye. Kemia hujazika.

Wenzetu wa kaskazini mwa Australia, nchi ya joto na kupe kama yetu, wamelitatua swali la ng'ombe wa kujifunzia kwa njia nyingine. Ng'ombe wao wengi ni Brahman, wajukuu wa zebu wa India waliopitia Marekani na kuingizwa Queensland mwaka 1933 kwa sababu ng'ombe wa Kiingereza walikuwa wakifa kwa kupe na jua. Mashamba ni makubwa mno, na katika eneo la Katherine kijana huajiriwa kwanza, akalipwa mshahara, kisha hupata cheti huku akiwa kazini: kukusanya kundi, kuhasi, kutia alama, kupima mimba. Ng'ombe ni wa mwajiri, na hasara ya mkono mchanga inahesabiwa kama gharama ya kumpata mfanyakazi. Mfumo huo hauwezi kuhamishiwa kwetu kama ulivyo, maana mwenye ng'ombe wetu wa kawaida ana makumi, hana maelfu. Ndama mmoja kwake ni ada ya mtoto. Lakini ranchi za taifa zipo, na kampuni za unenepeshaji zinaongezeka. Hizo ndizo zinazoweza kubeba hasara ndogo ambayo mfugaji wa Kongwa au Longido hapaswi kubebeshwa.

Mpango wa serikali wa Jenga Kesho iliyo Bora, BBT, umeanza kusogea upande huo kwa kuwaweka vijana kwenye vituo atamizi vya unenepeshaji. Kijana ananunua ng'ombe mwembamba mnadani, anamlisha kwa miezi mitatu hivi hei, pumba, mashudu ya pamba na molasi, kisha anamuuza. Nimependa jambo moja hapo: kosa linamwuma mwenyewe. Akimnunua mzee akidhani ni kijana kwa kutofungua mdomo kuhesabu meno ya kudumu, ambayo hutoka jozi baada ya jozi mpaka zote nne zikamilike, ng'ombe atakula mashudu bila kuongeza nyama, na hesabu itajionyesha siku ya mnada. Akibadilisha chakula ghafla kutoka majani kwenda nafaka, tumbo litachacha na atampoteza. Walimu wa namna hiyo hawahitaji kupaza sauti.

Wakati huohuo, mafunzo mengine yanaendelea bila mwalimu yeyote, kwenye maduka ya dawa za mifugo. Mfugaji ananunua oksitetrasaiklini, ananunua sindano, anaenda kudunga mwenyewe. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka kazi hiyo ifanywe na aliyesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari, lakini aliyesajiliwa yuko umbali wa saa mbili kwa pikipiki ambayo haina mafuta. Mfugaji atadunga tu. Basi afundishwe kudunga shingoni na si kwenye paja la nyama nzuri, amalize dozi, na asipeleke maziwa sokoni kabla dawa haijaisha mwilini. Mashamba darasa ya wafugaji, yaliyoanza kujaribiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yameonyesha kuwa kundi la majirani wakikutana kwa ng'ombe wa mmoja wao, wakampima na kubishana, hujifunza mengi. Hapo swali la ng'ombe wa nani halisumbui: ni wa jirani, na wiki ijayo atakuwa wako.

Kwa wanafunzi wa vyuo limebaki tatizo la kitabu cha vitendo. Kila mmoja hubeba daftari la kujaziwa: amehimilisha, sahihi ya msimamizi, amehasi, sahihi, ameogesha, sahihi. Daftari linahesabu matendo. Halihesabu matokeo, kwa sababu matokeo ya ng'ombe hayafuati mihula. Aliyehimilishwa akirudi kwenye joto baada ya siku 21, mwanafunzi ameshahamia kituo kingine. Kipimo cha mimba kwa mkono huwa cha uhakika miezi miwili au mitatu baadaye, naye amesharudi darasani. Ndama huzaliwa baada ya siku 280 na kitu. Aliyehimilisha Machi atapata jibu lake Desemba, na Desemba chuo kimefungwa. Kwa hiyo vijana wanahitimu wakiwa na sahihi nyingi bila kujua hata mara moja kama mkono wao ulifika. Mkufunzi anayeweza kuwapeleka wanafunzi walewale kwenye mazizi yaleyale mara tatu ndani ya mwaka, kwanza kuhimilisha, kisha kupapasa mimba, kisha kuhakikisha ndama amenyonya dang'a ndani ya saa sita za kwanza, atahitaji gari, mafuta na ruhusa ya wenye mazizi. Gari na mafuta ni suala la bajeti. Ruhusa itategemea hali waliyowaacha nayo ng'ombe safari ya kwanza.